Kompyuta Iliyomkataa Mwenye Nyumba

Nyalenda, Kisumu
Jumapili mchana

Kwako Baba,

Kabla hujavaa miwani na kuanza kutafuta ile kalamu yako nyekundu, pokea salamu zangu kwanza. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba umeanza tena kuteremka mtoni bila fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Baba, wewe ni mzee. Chukua fimbo. Na kifua cha mama je, baridi ya Murang'a bado inamkohoza asubuhi akienda kuchuma chai? Mwambie avae lile sweta nililomtumia, asiliweke sandukuni akingojea harusi ambayo hata mimi mwenyewe sijaitangaza. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu. Joto ni lilelile, mbu ni walewale, na foleni ya maji kwenye bomba letu bado inaanza kabla jogoo hajawika, lakini nimeizoea, na majirani wamenizoea.

Ningekupigia, ila ulishasema simu humeza maneno na mtoto wa mwalimu aandike. Basi naandika. Barua ya mwezi uliopita uliirudisha na alama kumi na sita juu ya ishirini, na pembeni umeandika, "Aya ndefu, habari fupi." Leo habari ni ndefu pia, kwa hiyo unipe zangu zote ishirini.

Nakuambia mapema kwamba barua hii ni ya kujisifu. Najua utasema kizuri chajiuza. Ni kweli, lakini hiki changu kimejiuza Ahero, na huko Murang'a hakuna aliyekisikia. Mama amenidokeza kwamba watu wa kanisani wakikuuliza nafanya nini Kisumu, unawaambia niko ofisini. Baba, unajua siko ofisini. Niko kwenye kibanda, nusu yangu, nusu ya mama mmoja anayeshona sare za shule, na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Nilipoacha chuo cha ualimu ulikaa wiki mbili ukiniita Wambui kama mgeni, wewe ambaye tangu nizaliwe unaniita mama kwa sababu nina jina la mama yako. Liliniuma, sitakuficha. Lakini soma haya mpaka mwisho, kisha uamue utawaambia nini Jumapili ijayo.

Alhamisi saa nne asubuhi mwanamume mmoja mrefu alisimama mlangoni, amevaa koti kwenye joto lile, akauliza, "Fundi yuko?"

"Yuko. Karibu."

Akatazama nyuma yangu. Akatazama nyuma ya cherehani. "Nasema fundi mwenyewe. Ile ya kompyuta."

"Ndiye mimi. Ukingoja mwingine utangoja mpaka Yesu arudi."

Mama wa cherehani alicheka mpaka uzi ukamkatikia. Yule bwana naye akaona haya, akavua koti, akaketi. (Usiguse kalamu, Baba. Naandika watu walivyosema. Huku ngeli haimnyimi mtu usingizi, na nimeshaacha kuwasahihisha.)

Jina lake ni Bwana Okeyo. Siku za kazi anauza mchele Ahero, na Jumapili anaongoza kwaya ya kanisa lao. Kabla yake kwaya ilikuwa ya Mzee Joshua, aliyeiongoza miaka mingi na kuitungia nyimbo zake mwenyewe kwa Kijaluo. Mzee alifariki mwaka jana, na jana Jumamosi ndiyo ilikuwa ibada ya kumbukumbu yake, nyumbani kwake. Alikuwa ametunga wimbo mpya kabla hajaugua. Kwaya alikuwa ameifundisha ubeti wa kwanza tu. Beti zilizobaki, na sauti zote nne, alikuwa ameziimba mwenyewe moja baada ya nyingine na kuzirekodi kwenye kompyuta ya nyumbani.

"Tunataka kumwimbia hiyo nyimbo yake," Okeyo akaniambia. "Lakini iko kwa folda, na folda imekataa. Inasema hatuna ruhusa. Fundi wa kwanza alishindwa. Wa pili alisema tufute kila kitu tuanze upya."

"Mkafuta?"

"Mama Rispa alisimama mbele ya mashine. Akaambia fundi aanze kufuta yeye."

Mama Rispa ndiye mjane wa Mzee Joshua. Nilimwambia Okeyo aniletee mashine kibandani, akatikisa kichwa. "Haitoki. Ilitoka mara moja, ikarudi haijui mtu."

Basi nikafunga vifaa vyangu kwenye mkoba, nikamwachia mama wa cherehani funguo, nikaenda. Ningekataaje? Zilikuwa zimebaki siku mbili, na kwaya ilihitaji angalau moja ya kufanya mazoezi.

Nyumba ya Mzee Joshua iko kwenye tambarare ya Kano, karibu na mashamba ya mpunga. Ni nyumba nzuri, ila ukutani kuna mstari wa matope unaoizunguka yote, chini kidogo ya dirisha, mahali maji ya mafuriko yalipofika. Meza ya kompyuta wameipandisha juu ya matofali manne, kila mguu na lake, hata mtu akiketi kuandika mikono yake iko usawa wa kidevu. Mama Rispa alikuwa ameketi kwenye kiti kando yake. Ni mwanamke wa umri wako, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Alinitazama kwa muda, kisha akamuuliza Okeyo jambo kwa Kijaluo. Alidhani sielewi. Alikuwa ameuliza, "Huyu msichana ndiye wa tatu?"

Nikamjibu kwa Kijaluo kwamba ndiyo, ni mimi. Akafunika mdomo kwa mkono, kisha akaniletea chai.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Kompyuta iliugua, ikawa haiwaki. Wakaipeleka kwa fundi wa kwanza, akaiwekea mfumo mpya. Nyimbo hazikupotea, kwa sababu Mzee alikuwa ameziweka kwenye sehemu nyingine ya diski. Mfumo mpya ukiwaka mara ya kwanza huuliza jina la mtumiaji, na fundi alipomuuliza Mama Rispa aandike jina gani, mama akamjibu aandike Joshua.

"Nilijua ikiona jina yake itafungua," akaniambia. "Jina si ndiyo mtu? Mjukuu wangu anaitwa Joshua. Ako na miaka minne na tunampa kiti ya Mzee akae. Sasa hii mashine inaona Joshua, na inaambia Joshua hana ruhusa. Kwake. Kwa nyumba alijenga."

Fundi wa kwanza alimcheka, aliniambia. Mimi sikucheka, Baba. Ningemchekaje, mimi ninayeitwa mama na baba yangu mzazi? Mtu wa Kisumu na mtu wa Murang'a wangeelewana katika hilo bila mkalimani. Ni kompyuta tu isiyoelewa. Nikamweleza hivi, nawe utanielewa kwa sababu umeshika rejista maisha yako yote. Darasani unaweza kuwa na akina Kamau wawili, lakini kila mmoja ana namba yake ya usajili, na Kamau akihama shule, anayekuja na jina lake hapewi namba yake. Kompyuta inatuonyesha majina sisi binadamu kwa heshima tu. Yenyewe inasoma namba. Joshua wa zamani alikuwa na namba yake, na mfumo ulipofutwa namba hiyo ilikwenda naye. Huyu Joshua mpya kwake ni mgeni aliyebeba jina la mwenyeji.

Okeyo alipotoka kwenda kupokea simu, Mama Rispa akanisogelea na kuniuliza polepole swali ambalo nadhani hakuwa amemuuliza yeyote wa wale mafundi.

"Nyathina," akaniita, maana yake mwanangu, "alifunga kwa nini?"

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimla mwaka mzima. Folda zote nyingine zilikuwa zimefunguka: picha, barua za kanisa, ratiba za kwaya. Ni hii moja tu ambayo Mzee mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameifunga. Majirani walikuwa wameshasema yao. Mwanamume hafungi kitu bure, walimwambia. Mama Rispa alitaka wimbo uimbwe Jumamosi, na hapohapo aliogopa kitakachoonekana kando ya wimbo. Alikuwa ameniruhusu nifungue, lakini mikono yake ilikuwa imeshika kingo za kiti.

Sikumdanganya. Nikamwambia, "Mama, sijui. Tukifungua tutaona pamoja, na nikifungua nitatoka nje uangalie peke yako kwanza, ukitaka."

"Utakaa," akasema.

Sasa hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa sababu ndipo palipo na ufundi wenyewe.

Unakumbuka mwaka wangu wa kwanza hapa, nilipokaa miezi bila kuandika? Sikukuambia sababu. Mwalimu mmoja aliniletea kompyuta yenye tatizo kama hili, folda imekataa. Nilikuwa na haraka ya kuonekana najua. Badala ya kushughulikia ile folda moja, nikaiambia mashine impe kila mtu ruhusa ya kila kitu, mpaka kwenye mafaili ya mfumo wenyewe. Ikazima na haikuwaka tena. Nililia pale kibandani mbele ya cherehani. Nilimwambia mwalimu ukweli, nikairekebisha kwa siku tatu, na tangu siku hiyo nina desturi moja: sigusi kitu kabla sijasoma orodha. Kila folda ina orodha yake ya wanaoruhusiwa, na orodha hiyo ndiyo neno la mwisho la mwenye folda. Fundi wa haraka huibadilisha bila kuisoma. Ukiibadilisha imekwenda, huwezi tena kujua iliandikwa nini.

Tatizo ni kwamba hii folda haikukubali hata orodha yake isomwe. Njia ni moja: kwanza unabadilisha mmiliki. Mwenye usimamizi wa mashine anaruhusiwa kufanya hivyo, na mmiliki mpya anaruhusiwa kuisoma orodha. Nikabonyeza upande wa kulia wa kipanya, nikaingia kwenye sifa za folda, kisha usalama, kisha mahali pa mmiliki. Mashine ikaniuliza jina la mmiliki mpya.

"Niandike nani?" nikauliza.

Okeyo alikuwa amerudi. "Andika Kwaya," akasema haraka. "Nyimbo ni ya kwaya, si ndiyo?"

Mama Rispa aliitazama ile nafasi tupu kwenye kioo, kimshale kikiwakawaka. Huyu ni mwanamke ambaye kijiji kizima humwita mke wa Joshua, na kabla ya hapo binti wa fulani, na kanisani mama wa kwaya. Nilingoja. Sikutaka kumsaidia katika hilo.

"Andika Rispa," akasema.

Nikamtengenezea Mama Rispa akaunti yake, kisha nikamwambia jina aliandike mwenyewe. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayechambua mchele, na alipofika kwenye P alikaa kidogo kwa sababu hakuiona ilipo. Sikumwonyesha. Aliipata.

Kabla ya kubonyeza kukubali kuna kisanduku kidogo unachoweza kuwekea alama, cha kuubadilisha umiliki wa vyote vilivyo ndani kwa mara moja. Ukiweka alama hiyo wakati hujaruhusiwa kusoma ndani, mashine huifuta orodha ya zamani na kuandika mpya. Kazi inakwisha haraka na mteja anafurahi. Sikuweka alama. Nikabadilisha mmiliki wa folda ya juu peke yake, nikafunga, nikaingia upya kwa akaunti ya Rispa, nikasoma orodha.

Baba, nilisoma mara mbili. Ukiacha mashine yenyewe, orodha ilikuwa na watu wawili. Majina hayakuwepo, kwa sababu akaunti zao zilikufa na mfumo wa zamani. Palikuwa na namba mbili ndefu tu, mbele yake pameandikwa akaunti isiyojulikana. Namba moja ni ya Mzee Joshua mwenyewe. Na ya pili?

"Mama," nikauliza, "nani mwingine alitumia hii kompyuta Mzee akiwa hai?"

"Hakuna. Hata mimi sikuigusa."

"Wanakwaya?"

Okeyo akacheka kwa aibu. "Sisi? Mtu moja alibeba nyimbo ya Mzee kwa flash, akapeleka kanisa ingine kabla haijakamilika. Ikaimbwa vibaya huko mpaka Mzee akashikwa na presha. Tangu siku hiyo hakuna mtu alikaribia."

Basi hiyo ndiyo sababu ya kufunga. Lakini namba ya pili bado ilikuwa pale. Nikamweleza Mama Rispa kwamba mumewe alifungia watu wote isipokuwa wawili, yeye na mtu mmoja mwingine, na huyo mtu alikuwa na akaunti yake ndani ya mashine hii.

Halafu nikaona mikono yake, iliyokuwa imerudi kushika kiti, imekiachia.

"Aliniambia," akasema. Sasa alikuwa anaongea Kijaluo, polepole, ili nimfuate. "Siku moja aliniambia, 'Rispa, nimekuwekea mlango wako hapa ndani, ni kuandika jina lako tu.' Nikamwambia mimi nina mchele wa kuchambua, hiyo milango aingie yeye. Akacheka. Hakusema tena, na mimi nikasahau."

Okeyo alijifanya anatazama dirishani. Mimi nilifuta miwani yangu, ambayo haikuwa chafu. Mwaka mzima mama wa watu anaambiwa amefungiwa nje, na namba yake ilikuwa pale kwenye orodha, ya pili baada ya ile ya mwenye nyumba. Fundi wa pili angefuta. Ningekuwa na haraka, hata mimi ningefuta, na hakuna ambaye angejua kamwe. Nimewahi kumaliza kazi ngumu kuliko hiyo, Baba, lakini hakuna ninayojivunia kama hiyo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Nikampa Rispa ruhusa kamili, sasa nikaweka alama kwenye kile kisanduku ili ruhusa ishuke mpaka kwenye mafaili yote, nikabonyeza. Majina ya mafaili yakaanza kupita kwenye kioo. Wingu lilikuwa limetanda upande wa milima ya Nandi na taa ikafifia mara mbili. Diski ilikuwa ya zamani, inagongagonga ndani. Umeme ungekatika hapo tungeanza upya, kama diski ingekubali kuanza. Okeyo aliomba kwa sauti ya besi, mimi niliomba kimoyomoyo, na Mama Rispa aliendelea kunywa chai yake. Jina la mwisho likapita. Mambo yakatulia.

Ndani palikuwa na kila kitu. Soprano, alto, teno, besi, kila moja na faili lake, na karatasi za nota za do re mi alizozipiga picha. Hapakuwa na kitu kingine cha kumwogopesha mtu yeyote. Kabla ya yote nikanakili vyote kwenye flash mbili, moja nikamkabidhi Mama Rispa mkononi. Okeyo alinyoosha mkono kuchukua ya pili. Nikamwangalia Mama Rispa kwanza. Alipotikisa kichwa kukubali ndipo nikampa.

"Tuanze na gani?" nikamuuliza mama.

"Besi. Ndiyo sauti yake."

Nikafungua. Kwanza tulisikia kikohozi. Kisha kiti kikasogezwa. Kisha sauti ya mzee, nzito, ya mtu aliyezoea kusikilizwa, ikasema kwa Kijaluo, "Rispa, hebu toa sufuria motoni, inaingia kwenye wimbo."

Na Mama Rispa, pale kwenye kiti chake, na kikombe mkononi, akajibu, "Nimetoa."

Mara tu baada yake, kutoka ndani ya kompyuta, mbali kidogo, upande wa jikoni, sauti yake mwenyewe ya mwaka juzi ikajibu, "Nimetoa."

Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa uchungu, nijuavyo mimi. Alilia huku ameshika bega langu, na Mzee Joshua akaanza kuimba besi yake, na hatukumkatiza mpaka alipomaliza beti zote nne. Okeyo alikuwa ametoa daftari mfukoni, anaandika nota na machozi yakimdondoka juu ya kurasa. Baadaye alilalamika kwamba baadhi ya nota hazisomeki.

Ijumaa walifanya mazoezi kutwa. Jana waliimba. Nilialikwa, nikavaa lile gauni la samawati. Watu walikuwa wengi, mahema matatu, na kwaya ilisimama karibu na kaburi. Siwezi kukuandikia wimbo, lakini besi zilipoingia katika ubeti wa pili, ule ambao hakuna aliyewahi kuusikia, wazee waliokuwa wameketi walisimama bila kuambiwa. Mama Rispa aliimba pia. Alikuwa anaujua wote. Kumbe aliusikia jikoni siku zote zile mumewe akirekodi, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilimtania kwamba angetuambia tangu mwanzo tusingehangaika na mashine, akanipiga kofi dogo mkononi na kusema, "Ningekuimbia sauti nne na mdomo moja?"

Kisha Okeyo akachukua kipaza sauti. Aliwaambia watu kwamba alikuja Kisumu kutafuta fundi mwanamume, akampata fundi. Akanisimamisha. Huku mwanamke huitwa binti wa kwao, basi umati mzima ukaniita Nyar Murang'a, binti wa Murang'a. Bibi mmoja mkongwe akanishika mkono na kuniuliza baba yangu ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wa Kiswahili, amestaafu, ndiye aliyenifundisha kusoma orodha mpaka mwisho kabla ya kuita jina la kwanza. Akasema basi mwalimu huyo alifanya kazi. Nimekuletea maneno hayo kama yalivyo, bila kuongeza.

Walinipa mchele wa Ahero, mwingi kuliko niwezavyo kubeba. Nusu nitawatumia nyinyi. Mama asiuchanganye na ule wa dukani.

Nisalimie mama kwa moyo wote. Msalimie kaka na umwambie mtoto wake asiponiandikia sitamtumia tena vitabu. Msalimie shangazi wa mlimani, jirani anayetukamia ng'ombe, na mzee wa kanisa anayeuliza kila Jumapili nafanya nini Kisumu. Huyo hasa.

Na sasa nina ombi moja. Ile kompyuta niliyowaletea Krismasi, mama anasema imefunikwa kitambaa na juu yake umeweka redio. Toa redio. Niliweka akaunti mbili, yako na ya mama, na nenosiri la mama nililiandika kwenye ile karatasi unayowekea alama kwenye Biblia yako. Mpe karatasi yake. Kisha keti, urekodi ile habari ya jinsi bibi yangu, Wambui wa kwanza, alivyokubeba mgongoni kuvuka mto siku yako ya kwanza ya shule. Umenisimulia mara nyingi, na sina hata mara moja niliyoihifadhi.

Nakujua, Baba. Ukianza tu utataka nyumba inyamaze. Utamwambia mama atoe sufuria, afukuze kuku, asikohoe. Usimwambie. Acha chai ichemke, acha kuku waingie, na mama akikukatiza kusema mto ule haukuwa mkubwa hivyo, muache akukatize. Nawataka nyote wawili humo ndani.

Ni mimi mama yako,
Wambui, fundi wa kompyuta